Siku saba za kwanza kwenye makao ya watoto Dar es Salaam: mwongozo kwa anayetumwa na kanisa

Geti la makao likifunguliwa kwa mgeni, watoto wadogo humkimbilia. Mmoja hushika mkono, mwingine humng'ang'ania mguu, wa tatu huuliza, "Kesho utakuja?" Mgeni hulengwa na machozi, na jioni hupiga simu nyumbani kusimulia jinsi watoto hawa walivyojaa upendo. Nimekaa upande wa ndani wa geti hilo kwa miaka 14, na mbio hizo hazijawahi kunifurahisha. Mtoto wa miaka mitatu anayelelewa na mtu wake hujificha nyuma ya kanga ya mama akiona sura mpya. Anayemrukia kila anayeingia ameshajua kwamba watu huja na kupotea, kwa hiyo aliyepo leo ashikwe leo.

Nakuandikia wewe unayetumwa na kanisa lako kutoka nje ya Tanzania kuja kujitolea kwenye makao ya watoto hapa Dar. Pengine unatoka Nairobi, Bukavu, Bujumbura au Lubumbashi, au ni Mtanzania uliyekulia Ulaya au Marekani na Kiswahili umekipata nyumbani kwa bibi. Una lugha, na hiyo ni baraka kubwa. Lakini lugha hiyohiyo itakufikisha karibu na mtoto upesi kuliko mgeni mwingine yeyote, na ukiondoka jeraha litakuwa la ndani zaidi. Wiki yako ya kwanza ndiyo itakayoamua kama utakuwa msaada au mzigo.

Kabla hujakata tiketi: yachunguze makao

Usione aibu kuuliza maswali. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na Kanuni za Makao ya Watoto za mwaka 2012, hakuna ruhusa ya kuendesha makao bila leseni ya Kamishna wa Ustawi wa Jamii. Omba utumiwe nakala. Uliza makao yako chini ya halmashauri gani, kwa sababu Dar ina tano: Jiji la Dar es Salaam (ndiyo Ilala ya zamani), Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni, na kila moja ina maofisa wake wa ustawi wa jamii. Kisha uliza haya, kwa simu, ili usikie sauti ya anayejibu:

- Kila mtoto ana faili la ustawi wa jamii linaloonyesha alifikaje hapo?
- Watoto wangapi wana mzazi au ndugu aliye hai, na kuna mpango gani wa kuwarudisha?
- Walezi wana muda gani kazini, na mlezi mmoja ana watoto wangapi?
- Mtoto akidhulumiwa, taarifa inapelekwa kwa nani, na imeandikwa wapi?

Swali la pili ndilo kubwa. Ukienda kwenye makao mengi, hapa na kwingineko duniani, utakuta watoto wengi wanaoitwa yatima wana mama, baba, bibi au mjomba anayeishi. Kilichowatoa nyumbani mara nyingi ni ufukara, ugonjwa, ndoa iliyovunjika, ulemavu ambao familia haikupata msaada wa kuumudu. Makao yanayojua hilo yatakujibu bila kusita. Yakikuambia "wote hawana mtu", uliza tena.

Ziko dalili ambazo mimi nikiziona ningekuambia usije. Ya kwanza ni kukubaliwa siku hiyohiyo bila kuulizwa chochote. Makao ya kweli yatakudai barua ya mchungaji au paroko wako, wadhamini wawili wanaoweza kupigiwa simu, na hati ya polisi ya nchi unakoishi kwamba huna rekodi ya uhalifu. Ukidaiwa hivyo, mshukuru Mungu. Wanawalinda watoto dhidi ya mtu wasiyemjua, na kwa leo mtu huyo ni wewe. Dalili nyingine ni wageni kuruhusiwa kutoka na watoto matembezini wakiwa peke yao, au watoto kupangwa mstari kuimba kila gari linapoingia. Biashara ya kukusanya watoto ili wafadhili wavutike ipo kweli. Mwaka 2018 Australia ilitunga sheria ya utumwa mamboleo, na katika mjadala wake bunge lao likatambua kwamba watoto husafirishwa hadi kwenye vituo kwa ajili hiyo.

Na muda wako je? Kama una chini ya miezi mitatu, mimi sikuweki kwenye chumba cha watoto wa chini ya miaka mitano, hata uwe na moyo wa dhahabu. Nitakupa kazi nyingine, na zipo nyingi: hesabu za stoo, kupanga mafaili, kufundisha walezi kompyuta, kutengeneza vitanda, kuwasaidia wa darasa la saba hesabu kabla ya mtihani wa Septemba. Ikiwa kazi hizo hazikuvutii kwa kuwa huko hakuna mtoto wa kumbeba, tafakari kwanza kilichokufanya utake kuja.

Karatasi

Sehemu hii ni kavu lakini ndiyo inayowarudisha watu mpakani. Viza ya matembezi si ruhusa ya kujitolea. Kazi isiyolipwa nayo ni kazi mbele ya Uhamiaji. Wamisionari na wanaojitolea huombewa kibali cha ukaazi cha Daraja C, na mwombaji ni taasisi inayokupokea. Kwa hiyo waulize mapema wamefikia wapi, na usisafiri kwa ahadi ya "tutamalizana ukifika". Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki msidanganyike kwa urahisi wa kuvuka mpaka: kuingia ni jambo moja, kufanya kazi ni jingine. Kama unatoka au unapitia nchi yenye homa ya manjano, kama Kenya au Kongo, beba cheti cha chanjo.

Malaria ipo Dar mwaka mzima, na mbu wa dengi huuma mchana. Mwaka 2014 na 2019 homa ya dengi ilisumbua jiji kweli. Dawa ya kujipaka isikuishie. Ukipata homa, nenda ukapime siku hiyohiyo, usinunue dawa kwa kukisia.

Kuhusu mzigo, beba kidogo. Nguo za kufunika mabega na magoti, kandambili, chandarua, daftari, kalamu za kutosha. Pipi ziache. Vifaa au nguo za watoto vikabidhiwe ofisini vikiwa vimefungwa, vigawiwe na walezi kwa wakati wao, ili mtoto amwone mlezi wake ndiye anayempa, na asikuone wewe kama mfadhili.

Siku ya kwanza: ingia kwa mlango wa watu wazima

Panga kufika mchana. Mabasi ya mikoani na nchi jirani mengi huishia Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, na kutoka pale hadi Mbagala au Kigamboni ni safari nyingine kamili, hasa jioni foleni inapoanza. Mwambie mwenyeji akupokee. Kama makao yako Kigamboni, muulize mtapita kivuko cha Magogoni au Daraja la Nyerere.

Ukifika, usianze na watoto. Nalisisitiza hili kuliko jingine lolote la siku hii. Msalimie kwanza mama mkuu wa makao, kisha walezi mmoja mmoja, mpishi, mlinzi, anayefua. Aliyekuzidi umri mpe shikamoo yake, hata kama kwenu salamu hiyo mmeshaiacha, hata kama anaosha vyombo nawe una digrii mbili. Watoto wanatazama. Wakiona mgeni amempigia mlezi wao shikamoo na kusubiri marahaba, wanajua mtu huyu anaheshimika. Wakiona amempita kama nguzo na kuja moja kwa moja kuwabeba wao, nalo wanalishika.

Wewe nawe utapewa shikamoo nyingi. Ziitikie zote, marahaba, moja moja, bila haraka. Mtoto anayeitikiwa kwa jina lake na kwa utulivu hahitaji kubebwa.

Baada ya chai, mwombe mama mkuu akupeleke kwa mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa ukatambulishwe. Ni dakika chache, na utaokoka maswali mengi siku ambayo umeme umekatika nawe umetumwa dukani kununua LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, usiku. Kisha oga, ule walichopika, ulale. Usizunguke kwenye vyumba vya kulala vya watoto. Vile ni vyumba vyao vya ndani, kama chumba cha shangazi yako ambacho hukuwahi kuingia bila hodi.

Siku ya pili: mfuate mlezi mmoja

Amka saa 11 alfajiri na walezi. Kuna uji wa kukoroga, ndoo za kujaza kama maji ya DAWASA yametoka usiku, sare za kukagua, nywele za kuchana, kiatu kimoja ambacho hakionekani. Wa shule za msingi wanatakiwa wawe wametoka kabla ya saa 1. Jukumu lako siku nzima ni moja: kaa na mlezi mmoja, fanya anachokuambia, angalia. Andika kwenye daftari majina na ratiba, usiandike maoni.

Utaona mambo usiyoyapenda. Utasikia mlezi akipaza sauti, utaona wali bila mboga ya majani. Mengine ni makosa ya kweli na yatakuja kusemwa. Mengine ni uchovu wa mtu ambaye amelala kwa muda wa saa nne tu kwa sababu mtoto alikuwa na homa. Ndani ya siku moja huwezi kuyatofautisha. Kama umeona mtoto akipigwa au akiumizwa, hilo halisubiri, nitalizungumzia chini. Mengine subiri.

Halafu ulimi wako. Ndugu zetu wa Kenya na Kongo, Kiswahili chenu ni chetu, ila Dar tuna "naomba". "Nipe maji" kwako ni sentensi ya kawaida. Kwa mlezi wa Temeke ni amri. Sema "naomba maji". Ukipita anapofanya kazi, mpe "pole na kazi". Ukitaka kupita katikati ya waliokaa, "samahani". Ukifika mlangoni, hata ulio wazi, piga hodi usubiri karibu. Niliwahi kumpokea kijana mchapakazi sana ambaye walezi walimchukia wiki mbili nzima, na alipoanza kusema naomba walimpikia chapati. Kosa lake lilikuwa neno moja tu.

Siku ya tatu: sasa watoto

Wajue kwa majina yao. Usiwaite yatima, si mbele yao, si kwenye simu na mchungaji wako, si kanisani. Neno hilo tumelizoea kwenye Maandiko kiasi kwamba hatulisikii tena. Mtoto analisikia. Kuna binti wa darasa la tano aliwahi kuniuliza kwa nini mgeni amesema "mayatima wamependeza" wakati mama yake anaishi Chanika.

Usimuulize mtoto wazazi wake wako wapi wala alifikaje. Hiyo ni hadithi yake, na ameshaisimulia kwa wageni wengi kuliko anavyopaswa. Mwulize timu yake, Simba au Yanga. Mwulize amefundishwa nini leo. Atakapotaka kusema mengine, atasema.

Kuhusu kugusa na kubeba, makao yatakuwa na kanuni zake. Zifuate hata ukiona ni kali. Zetu ni hizi. Hakuna mgeni anayekaa na mtoto peke yake pasipo mtu mzima mwingine kuwaona. Kuogesha, kubadilisha nepi, kulaza na kuamsha ni kazi ya mlezi. Mtoto akikukumbatia, mkumbatie kwa muda mfupi, ukiwa umeinama pembeni yake, kisha mpe kitu cha kufanya pamoja nawe. Usimpakate mtoto anayeweza kutembea. Na mtoto akianguka akalia, usimbebe ukamtuliza wewe. Mpeleke kwa mlezi wake. Najua inauma, mikono yako ipo na mlezi yuko jikoni. Lakini mtoto mchanga hujenga uaminifu wake kwa mtu yuleyule anayekuja kila anapolia. Daktari Mwingereza John Bowlby aliyaandika haya katikati ya karne iliyopita, na watafiti waliowafuatilia watoto wa vituo vya Romania kuanzia mwaka 2000 na kitu waliona jinsi mtoto anayepita mikononi mwa wengi anavyochelewa kukua, kiakili na kihisia, na jinsi wale waliopelekwa mapema kwenye familia walivyopata nafuu. Bibi zetu walilijua bila utafiti: mtoto ana mtu wake.

Hapa nina deni la kukiri. Katika mwaka wangu wa pili kazini nilimruhusu dada mmoja aliyekuja kwa wiki sita kukaa na mtoto wa miaka minne kutwa nzima. Alimlisha, akamlaza, akamwita mwanangu. Nilifurahi, maana tulikuwa na upungufu wa walezi. Siku ya kuondoka alimwambia atarudi Krismasi. Aliacha kandambili zake mlangoni, na mtoto yule akazichukua, akawa analala nazo. Tukiziondoa, halali. Krismasi ikaja, ikapita. Ilipofika Machi mlezi mwingine alijaribu kumkumbatia, akamng'ata. Dada yule hakuwa mbaya. Hadi leo naamini alikusudia kurudi. Mwenye kosa ni mimi niliyekuwa na funguo za geti.

Kwa hiyo hakuna "nitarudi". Hakuna "nitakuchukua tukaishi wote". Hakuna "mama" wala "baba" kwako. Wewe ni dada, kaka, anti au anko, na siku utakayoondoka waijue tangu mwanzo. Mtoto akikuita mama, mjibu kwa upole: "Mimi ni anti yako. Mama mlezi wako yule pale, twende tukamwone."

Siku ya nne: simu yako na mdomo wako

Asubuhi hii kaa na mama mkuu mpitie kanuni za picha. Kanisa lako litataka picha, najua, na pengine ndiyo sharti la nauli uliyopewa. Piga bustani, jengo, mikono inayochambua mchele. Uso wa mtoto usiende popote bila ruhusa ya makao na ya afisa ustawi, na kwa maoni yangu usiende hata ikipatikana. Mtoto huyu atakuwa mtu mzima atakayeomba kazi na kuoa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hali ya mtoto wa makao ni taarifa binafsi kama ilivyo yako ya benki.

Utagundua pia kuwa baadhi ya watoto wanameza dawa kila siku na wana kliniki yao. Usiulize dawa ya nini. Ukiambiwa kwa sababu ya kazi, ibaki hapo. Sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza kutangaza hali ya mtu, na hata isingekataza, ombi la maombi kwenye kundi la WhatsApp la kanisa lenye jina la mtoto na ugonjwa wake ni kumvua nguo mbele za watu. Mwombee bila kumtaja, Mungu anamjua.

Sasa lile nililoliahirisha. Siku moja mtoto anaweza kukuambia jambo zito: amepigwa, ameguswa vibaya, anatishwa. Atakuchagua wewe kwa sababu wewe si wa pale. Kaa chini, msikilize, usionyeshe kushtuka. Usimuahidi kuwa utaficha. Mwambie: "Umefanya vizuri kuniambia, na nitamwambia mtu anayeweza kukulinda." Usimhoji, usimuulize maswali ya kumwongoza, usimkabili anayetuhumiwa. Ukitoka hapo andika maneno yake kama alivyoyasema, na saa. Siku hiyohiyo mwambie anayehusika na ulinzi wa watoto kwenye makao. Akiwa anayetuhumiwa ni huyohuyo, au wakikuambia "tutamaliza ndani kwa ndani", nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri au Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Namba 116 ni simu ya msaada kwa mtoto, hailipiwi. Iandike nyuma ya daftari leo.

Wako watakaokuambia kwamba kusema nje kutaichafua kazi ya Bwana. Usiwasikilize.

Siku ya tano: imani

Umetumwa na kanisa, na sikuombi uifiche imani yako. Sali, imba, hudhuria ibada ya asubuhi ya makao. Lakini Dar ni jiji ambalo nyumba moja ya kupanga ina chumba cha Mlutheri, cha Muislamu, cha Mkatoliki na cha Msabato, nao wanachota maji kwa bomba moja. Watoto wa makao wanatoka kwenye nyumba hizo. Wengine kina bibi yao wanaswali swala tano, na bibi huyo ndiye tunayetumaini atamchukua mjukuu wake mwakani.

Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unataka mtoto anayelelewa nje ya familia yake alelewe kwa kuzingatia dini, utamaduni na lugha aliyotoka nayo. Mimi nalisoma hilo pamoja na Zaburi ya 68, inayomwita Mungu baba wa yatima, na mstari unaofuata unasema huwakalisha wapweke nyumbani. Ukimbadilisha dini mtoto wa miaka sita kwa kumpa biskuti baada ya wimbo, umeongeza ukuta kati yake na hiyo nyumba. Uliza mapema nani ni wa dini gani, nani hali nini, na Ramadhani watoto wakubwa wanaofunga wanaandaliwa vipi futari. Ukipewa kipindi cha Biblia, kiwe cha watoto wa familia za Kikristo au wale ambao ndugu zao wameridhia, na mlezi awepo.

Usimwekee mtoto mikono na kukemea pepo kwa sababu anakojoa kitandani au anapiga kelele usingizini. Hayo ni machozi ya usiku. Mwambie mlezi.

Siku ya sita: fuata njia ya kurudi nyumbani

Jumamosi ni siku ya kufua, kusuka na kupokea ndugu. Asubuhi jiunge kwenye mabeseni. Mchana, ndugu wakija, wapishe kabisa. Shangazi aliyepanda daladala tatu kutoka Mbande na mfuko wa maembe asikute mtoto wake amekaa nawe mkiangalia simu. Mpe kiti cha kivulini, mletee maji, ondoka.

Kisha omba, kwa ruhusa, ufuatane siku moja na mhudumu anayetembelea familia. Hapo ndipo utakapoielewa kazi. Niliwahi kwenda kwa mama mmoja Mbagala aliyetuletea watoto wawili mume alipomkimbia. Tulikaa kwenye mkeka, akatuambia kilichomtoa nyumbani: kodi ya chumba ya miezi sita kwa mkupuo, hana. Afisa ustawi alishughulikia, kanisa jirani likachangia kodi na mtaji wa vitumbua, na baada ya miezi mitano watoto walirudi kulala na mama yao. Fedha ile ilikuwa ndogo kuliko tuliyotumia kuwalisha watoto hao kwa muda waliokaa kwetu. Nikawaza miaka yote tuliyoomba wafadhili watujengee bweni.

Kwa hiyo kanisa lako likikuuliza tutume nini, usikimbilie vitanda. Uliza makao: familia ngapi ziko karibu kuwa tayari, na kila moja imekwama wapi? Mahali pengine ni kodi, pengine ni baiskeli ya mtoto mwenye ulemavu wa miguu. Kwa wasio na ndugu kabisa, sheria yetu ina malezi ya kambo (familia nyingine kumlea mtoto kwa muda) na kuasili (kumfanya mtoto wako kisheria), na waumini wa Dar ndio wa kuhamasishwa, kwa sababu wao wanabaki.

Siku ya saba: Jumapili

Nenda ibadani na makao kama wanakwenda pamoja, ukae na walezi. Mchungaji akikuita mbele utoe salamu, salimia, mtaje mama mkuu na walezi, ukae. Usiwasimamishe watoto.

Alasiri ni yako. Nenda Coco Beach ukapigwe upepo, au lala. Wiki ya kwanza huchosha hata walio na nguvu, na joto la Januari halina huruma kwa mtu wa nyanda za juu. Lia kama unataka kulia, ila usilie mbele ya watoto; wataanza kukutunza wewe.

Jioni kaa na mama mkuu na daftari lako. Mwulize mambo matatu: nimewakosea wapi wiki hii, kazi gani mnaihitaji ambayo hamjaniambia kwa haya, na nani ataendelea nayo nikiondoka. La kwanza atalikwepa, kwa sababu Waswahili hatupendi kumvunjia mgeni heshima. Nyamaza usubiri. Mimina chai nyingine. Atasema.

Kisha nendeni jikoni kwenye kalenda ya ukutani, ile ambayo watoto wote wanapita wakifuata sahani zao, na uizungushie duara tarehe yako ya kuondoka. Andika jina lako chini yake kwa herufi kubwa, wasome.